Mwongozo kamili: Namna ya kuufundisha ubongo wako kusoma hanzi, sio kuzikariri kama picha

Wadau, naandika hii kwa sababu swali ni lile lile kila wiki, "mbona hanzi (maandishi ya Kichina) nikizikuta kwenye sentensi sizisomi?", na vidole vimechoka kulijibu kipande kipande. Mtu kasoma, HSK 1 (mtihani wa Kichina kwa wageni, ngazi ya kwanza) kapita, HSK 2 kapita tena kwa maksi nzuri tu, akiingia HSK 3 anaikodolea macho karatasi kama hajawahi kuona Kichina tangu azaliwe. Ukimwonyesha kadi moja moja anazijua, 谢, 想, 请, anataja zote bila kusita, ila ziweke hizo hizo kwenye sentensi uone, macho yanaganda. Halafu anakwambia "mi kichwa changu kizito".

Kichwa chako hakina tatizo ndugu yangu. Karatasi za HSK 1 na 2 za mfumo tuliouzoea zinakuwekea pinyin (matamshi yaliyoandikwa kwa herufi za a, b, c) juu ya hanzi, kuanzia HSK 3 pinyin inaondolewa, kwa hiyo miezi yote ile ulikuwa unasoma pinyin na hanzi unazipita kama mtu anavyopita mabango barabarani. Na zile chache ulizozishika umezishika kama picha. Hapo ndipo wengi wanakwama na ndipo mwongozo huu unapoanzia.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari la hesabu, lile la viboksi. Kila hanzi inakaa kwenye boksi lake, ndogo au kubwa, na hii ina sababu utaiona.
- Peni ya kawaida, pamoja na peni za rangi nne: nyekundu, bluu, kijani na njano (njano ikikosekana tumia kalamu ya rangi ya mtoto). Kazi ya hizi iko mwisho kabisa, usiziguse kwanza.
- Kadi za manila ulizokata mwenyewe, kama 60 za kuanzia. Anki (programu ya kadi) kwenye simu nayo sawa, ila wiki mbili za kwanza mi napendelea kadi za mkono.
- Kamusi kwenye simu inayoonyesha vipande vya hanzi na mpangilio wa mistari. Pleco inatosha.
- Maandishi mepesi yasiyo na pinyin. Kitabu cha darasa kipo, lakini hata pakiti ya tambi au boksi la chaja lililotoka China linafaa.
- Dakika 25 kila siku. Sio masaa manne Jumapili, nimesema kila siku.

## Kabla hujashika peni, ujue kichwani kunatokea nini

Sitakuchosha. Chini ya ubongo, upande wa nyuma kushoto, kuna kasehemu ambako watafiti wa kusoma kama Stanislas Dehaene na Laurent Cohen wamekaandikia sana, wengine wanakaita boksi la herufi. Mtu asiyejua kusoma hana boksi hilo, linajengwa kwa kusoma. Ukisoma Kiswahili linafanya kazi, Mchina akisoma hanzi ni mtaa ule ule unaofanya kazi, tofauti ni kwamba kwenye hanzi upande wa kulia nao unachangia zaidi, na kuna sehemu nyingine ya mbele kushoto, jirani na pale mwendo wa mkono unapopangwa, ambayo kwenye hanzi inajitokeza sana. Hiyo ya mkono ikumbuke, tutairudia hatua ya 4.

Jicho likitua kwenye hanzi halikai, ni kama robo ya sekunde linahama. Na ubongo wa msomaji aliyekomaa unakuwa umeshatofautisha maandishi na michoro mingine kabla hata ya hiyo robo, kwenye milisekunde 170 hivi.

Sasa hapa ndio kiini cha mwongozo mzima. Ungedhani anayejua Kichina anaiona hanzi nzima kwa mpigo, kama unavyoitambua sura ya shangazi yako, na mwanafunzi ndiye anayehangaika na vipande. Janet Hsiao na Garrison Cottrell walilipima hilo mwaka 2009, wakakuta kinyume chake: wasomaji wa Kichina wanaweza kutenga sehemu ya hanzi na kuiangalia peke yake, ni wale wasioijua hanzi ndio wanaoimeza nzima kama sura. Yaani wewe unayeikariri kama picha unafanya kitu ambacho mtaalamu aliacha kukifanya. Kwa hiyo kazi yetu ni kuufundisha ubongo kuvunja.

## Hatua ya 1: Vunja kila hanzi vipande, usihesabu mistari

Chukua 谢, ile ya 谢谢. Ina mistari 12. Ukiibeba kama mistari 12 kesho haipo. Ila ina vipande vitatu tu: 讠 (maneno), 身 (mwili), 寸 (kipimo cha kale, kama upana wa kidole gumba). Vitu vitatu kichwa kinavibeba hata ukiwa na usingizi kwenye daladala.

Mfano wa kutisha watu: 赢, kushinda. Mistari 17, mwanafunzi akiiona anafunga daftari. Ivunje: 亡 juu, 口 chini yake, halafu 月, 贝, 凡 zimepangana chini kushoto kwenda kulia. Vipande vitano, na ukishasoma miezi mitatu vipande karibu vyote utakuwa umevizoea kutoka hanzi nyingine, kilichobaki ni kukumbuka nani kakaa wapi.

Namna ya kufanya: chagua hanzi 10 unazodai unazijua. Kila moja iandike kwenye boksi, pembeni andika vipande vyake na maana ya kila kipande kwa Kiswahili. 想 (kuwaza, kutamani) inakuwa 木 mti + 目 jicho + 心 moyo. 您 ile ya heshima inakuwa 你 juu, 心 chini, yaani "wewe" uliyewekewa moyo.

Tahadhari: usitunge hadithi ndefu. Kuna watu wanatunga filamu nzima kwa kila hanzi, mzee mmoja kapanda mti akaona jicho likalia moyo... Hadithi inasaidia siku ya kwanza, baadaye inakuwa mzigo maana jicho lina robo ya sekunde na hadithi yako ina dakika moja. Taja vipande, basi, songa mbele.

Utajua imeingia pale utakapokutana na hanzi usiyoijua kabisa na kitu cha kwanza kichwani kisiwe "hii nini tena" bali "kushoto maji, kulia sijui".

## Hatua ya 2: Jifunze vipande vinakaa wapi

Vipande vina adabu zake, kila kimoja kina kiti chake. 氵 (maji) anakaa kushoto. 艹 (majani) anakaa juu. 刂 (kisu) yuko kulia. 辶 (mwendo) anatandika chini kushoto kama mkeka. Ubongo wa msomaji unazijua hizi sheria bila kuambiwa, ndio maana mtoto wa Kichina wa shule ya msingi ukimwonyesha hanzi ya uongo yenye vipande halali lakini 氵 umemweka kulia, anakwambia hiyo sio hanzi, ingawa hawezi kukueleza kwa nini. Ni kama mtu akikuandikia "ngkato". Huhitaji kamusi kujua sio Kiswahili.

Na kiti kinabadilisha maana. 木 juu na 口 chini ni 杏, tunda la aprikoti. Geuza, 口 juu na 木 chini, ni 呆, mtu aliyezubaa. Vipande vile vile viwili.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote: tengeneza hanzi feki 10 kwenye daftari, tano zinazofuata sheria za viti na tano zinazovunja. Mpe mwenzako unayesoma naye achague zipi "zinaweza kuwepo". Kama hamna mwenzako ziache siku tatu halafu jipime mwenyewe. Mkipata nane kati ya kumi hatua hii imeisha, msikae hapo sana.

Ndio sababu ya daftari la viboksi pia. Kwenye boksi unaona kipande kimechukua theluthi ya kushoto au nusu ya juu, kwenye karatasi tupu 女子 (mwanamke) zinaweza kukaribiana mpaka zikawa 好 (nzuri).

## Hatua ya 3: Kamata kipande cha sauti

Hapa tukae kidogo maana ndipo hela ilipo.

Watu wanaambiwa hanzi ni michoro ya vitu. Ni chache tu. Hanzi nyingi sana, hesabu inayotajwa mara nyingi ni karibu asilimia 80, zimeungwa kwa vipande viwili vyenye kazi tofauti: kimoja kinadokeza maana, kingine kinadokeza sauti. Na ubongo wa msomaji unatumia vyote viwili. Charles Perfetti na wenzake walionyesha kwamba hata mtu akisoma Kichina kimya kimya sauti inaamka yenyewe, kwa hiyo ile imani kwamba Mchina anaruka kutoka mchoro kwenda maana bila kupita kwenye sauti iache.

Angalia familia ya 青 (qīng):

- 请 qǐng: maneno + qing. Kuomba, kukaribisha.
- 清 qīng: maji + qing. Safi, angavu.
- 情 qíng: moyo + qing. Hisia.
- 晴 qíng: jua + qing. Anga jeupe lisilo na mawingu.
- 睛 jīng: jicho + qing. Ile ya kwenye 眼睛, macho.

Ukisoma hizi tano kama picha tano utazichanganya mpaka uzeeke, maana kwa picha ni mapacha. Ukizisoma kama familia, umejifunza sauti moja na vipande vitano vya maana ambavyo tayari unavyo.

Nikupe mfano wa mtaani. Jamaa mmoja anauza vifaa vya umeme Kariakoo alinionyesha rola la waya limeandikwa 铜. Hakuwa anaijua. Nikamwambia vunja. Kushoto 钅, chuma, madini, hiyo alikuwa nayo. Kulia 同 tóng, ile ya 同学, mwanafunzi mwenzako, nayo alikuwa nayo. Akasema "madini fulani yanaitwa tong". Basi, shaba hiyo. Aliisoma kabla hajafundishwa, na sauti aliipata mpaka toni (ule mpando na mshuko wa sauti).

Sasa tahadhari, na hii ni kubwa. Kipande cha sauti ni shahidi, sio hakimu. Sauti inayolingana kabisa utaipata kwenye chini ya nusu ya hizo hanzi. 工 ni gōng lakini 江 ni jiāng na 红 ni hóng. 台 ni tái na 抬 ni tái kweli, halafu 治 inakuja na zhì. Kwa hiyo kisia kwa sauti, andika makisio yako kwa penseli, ndipo ufungue kamusi. Usifungue kabla ya kukisia, kukisia na kusahihishwa ndiko kunakoacha alama kichwani.

Na usidhani sauti iko kulia siku zote. 期 ya kwenye tarehe, kipande cha sauti 其 (qí) kiko kushoto, 月 mwezi uko kulia.

Zoezi: tengeneza kadi za familia. Mbele andika kipande mama tu (马, 包, 羊, 青, 工), nyuma wanawe wote. Wiki moja familia tano. Ukishika 马 unapata 妈, 吗, 骂, 码. Ukishika 包 unapata 饱, 抱, 跑, 泡. Zisizidi tano maana familia nyingi kwa mkupuo zinaanza kuoana.

Ukiona umeanza kuwa na makisio ya sauti kwa hanzi mpya, hata kama ni ya uongo nusu ya mara, umevuka. Kukosea kwa namna hii ndio kusoma kwenyewe.

## Hatua ya 4: Andika kwa mkono, lakini sio mara 50

Najua, najua. "Siku hizi nani anaandika, simu ipo." Nakubali kwamba kwenye maisha utaandika kwa simu. Hapa huandiki ili uje kuandika, unaandika ili macho yasome.

Mwaka 2005 kundi la mtafiti Tan Li Hai lilionyesha kwamba kwa watoto wa Kichina uwezo wa kusoma umefungamana sana na uwezo wa kuandika kwa mkono, na mwaka 2013 wakaja na jingine, kwamba watoto wanaotumia sana pinyin kuandika kwenye vifaa vya elektroniki walikuwa nyuma kwenye kusoma. Kwa wanafunzi watu wazima wa kigeni nako imepimwa: wanaojifunza hanzi kwa kuandika wanaishika zaidi sura yake, wanaojifunza kwa pinyin wanaishika zaidi sauti yake. Unahitaji vyote. Kumbuka ile sehemu ya mbele iliyo jirani na mwendo wa mkono: macho yakiona hanzi, ubongo unaisoma kama alama ya mkono uliopita pale.

Ndio maana mpangilio wa mistari sio ukali wa mwalimu. Juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, mlalo kabla ya wima, nje kabla ya ndani, mlango unafungwa mwisho. 国: chora kuta tatu, weka 玉 ndani, ndipo ufunge chini. Ukiandika kila siku kwa mpangilio mpya mkono hauna mwendo mmoja wa kukumbuka.

Namna sahihi: tazama hanzi kwa sekunde tano huku ukitaja vipande kwa sauti. Funika. Andika kutoka kichwani ukitamka neno. Fungua, linganisha. Ukikosea usifute, zungushia kipande ulichokosea, rudia mara moja tu, nenda nyingine. Baada ya dakika kumi urudi, kesho urudi, baada ya siku tatu, baada ya wiki.

Kunakili mara 50 kwa mfululizo ni kupoteza wino. Kuanzia ya sita mkono unaenda wenyewe na akili iko kwenye mpira. Tena kuna kituko kingine, ukiikodolea hanzi moja muda mrefu inaanza kusambaratika, unaanza kuona mistari tu na kujiuliza kama kweli ndivyo inavyoandikwa. Ikikutokea usiogope, ubongo umechoka na umbo lile, funga daftari unywe maji.

Hanzi tano mpya kwa siku zinatosha. Kipimo: siku ya nne uiandike bila kutazama. Ukishindwa lakini ukaitambua kwa macho, sawa pia, hata Wachina wenyewe wanashika kalamu wanasahau na wana msemo wake, 提笔忘字.

## Hatua ya 5: Watenganishe mapacha

Hii niliijua kwa aibu. Niko Guangzhou, China, mara yangu ya kwanza, nimefika kwenye mlango wa kioo wa jengo moja umeandikwa 拉. Macho yakaona 扌, mkono, kushoto, kichwa kikasema "hii ya mlangoni naijua, 推, sukuma". Nikasukuma. Nikasukuma tena kwa bega. Mlinzi yuko ndani ananiangalia tu, nyuma yangu foleni inajikusanya, mpaka mama mmoja akapitisha mkono pembeni yangu akauvuta. 推 ni kusukuma, 拉 ni kuvuta, mkono uko kwenye zote mbili, tofauti yote iko kulia na mimi kulia sikufika.

Ubongo ni mvivu, ukimpa kipande kimoja kinachotosha kukisia anaondoka nacho. Kwa hiyo mapacha usiwasome mbali mbali. Waweke pamoja kwenye kadi moja na uzungushie pale wanapoachana:

- 买 kununua, 卖 kuuza. Anayeuza ana 十 kichwani. Wafanyabiashara, hii msikosee kwenye mkataba jamani.
- 土 udongo, 士 msomi, askari. Kwenye 土 mstari wa chini ndio mrefu.
- 未 bado, 末 mwisho. Kwenye 末 wa juu ndio mrefu.
- 己 nafsi, 已 tayari. Moja mdomo wazi, nyingine imefunga nusu. Kuna na ya tatu, 巳, imefunga kabisa, hiyo utaiona kwa nadra.
- 人 mtu, 入 kuingia.

Weka kadi mbili za mapacha mezani, mtu ataje moja kwa sauti, wewe gusa. Ukisita zaidi ya sekunde moja hujaijua bado. Pacha wapya wanaingia kwenye orodha pale tu wamekudanganya, usitafute mapacha mtandaoni ambao hata hujakutana nao.

## Hatua ya 6: Ondoa pinyin, anza kusoma mstari

Pinyin ikiwa juu ya hanzi macho yanaenda kwenye pinyin. Sio uvivu, boksi lako la herufi limesoma a, e, i, o, u tangu chekechea, hanzi zimeingia mwaka jana, nani atashinda? Kwa hiyo funika. Kama kitabu kina pinyin kata kipande cha karatasi uweke juu ya mstari, au uandike pinyin nyuma ya ukurasa.

Shida ya pili ya mstari ni kwamba Kichina hakina nafasi kati ya maneno. Hanzi zimepangwa kama shanga na ni ubongo unaokata. Na maneno mengi ya sasa ni ya hanzi mbili, kwa hiyo anayesoma hanzi moja moja anakata vibaya. Tazama hii:

发展中国家

Mwanafunzi anaona nini? Anaona 中国, China, hapo katikati, anafurahi, halafu 家 nyumba, anatafsiri "kuendelea China nyumba". Kumbe ni 发展中 | 国家, nchi zinazoendelea. Yaani sisi. China iliyo katikati pale haipo, imetokana na kukata vibaya.

Na sauti pia inategemea jirani. 行 kwenye 银行 (benki) ni háng, kwenye 行人 (mtembea kwa miguu) ni xíng. Hanzi peke yake haikwambii, neno ndilo linakwambia.

Namna ya kufanya: chukua mistari mitano isiyo na pinyin. Kwanza pitisha penseli ukipiga kimstari kati ya neno na neno, usitafsiri chochote. Ndipo usome kwa sauti. Ndipo utafsiri. Jicho la msomaji wa Kichina kwenye kituo kimoja linanufaika na hanzi kama moja kushoto na tatu hivi kulia, kwa hiyo jizoeshe kuona inayokuja kabla hujamaliza uliyonayo. Soma mistari ile ile mitano siku tatu mfululizo ukijipima muda. Siku ya kwanza dakika nne, siku ya tatu chini ya dakika moja na nusu, hiyo ni kawaida kwa wanafunzi wangu.

Usianze na gazeti. Hanzi 1,000 zinazotumika sana zinabeba takriban asilimia 90 ya maandishi ya kawaida na unaposikia hivyo unaona raha, lakini ile 10 iliyobaki ndiyo inayobeba habari yenyewe. Anza na lebo: 生产日期 tarehe ya kutengenezwa, 保质期 muda wa kutumika, 出口 njia ya kutoka, 入口 njia ya kuingia. Fupi na zinajirudia kila mahali.

## Hatua ya 7: Badilisha sura, ongeza kasi

Hii fupi. Hanzi zako zote umezisoma kwenye fonti moja ya kitabu, ukikutana na bango la mgahawa unapotea. Andika sentensi moja kwenye kompyuta au simu, iweke kwenye fonti tatu, 宋体, 黑体 na 楷体, usome zote. Ubongo ukiona 请 tatu tofauti ndio unajua kipi ni 请 na kipi ni mapambo. Mwandiko wa mkono wa mtu uache kwanza, hiyo ni vita nyingine.

Kwa kasi, mtu akuonyeshe kadi na kuificha hapo hapo, chap, usipate nafasi ya kuhesabu mistari. Ukishindwa taja kipande ulichokiona. "Nimeona maji kushoto" ni jibu halali.

## Kipimo cha mwisho: zile peni nne

Baada ya wiki nane hivi, toa peni za rangi. Mwambie mtu akuandikie kwenye daftari, hovyo hovyo, hanzi hizi nne mara tano tano: 红 nyekundu, 蓝 bluu, 绿 kijani, 黄 njano. Ila 红 aiandike kwa peni ya bluu, 绿 kwa nyekundu, 黄 kwa kijani, achanganye anavyotaka, rangi ya wino isilingane na neno.

Wewe usisome. Taja rangi ya wino tu, kwa Kichina, haraka, kuanzia juu mpaka chini.

Kama unapita kama maji, rangi baada ya rangi bila kujikwaa, pole, rudi hatua ya 4, hanzi kwako bado ni urembo. Lakini ukifika kwenye 红 ya bluu mdomo ukataka kusema hóng, ukajing'ata, ukarudi nyuma, ukakosea tena kwenye ya nne na mwenzako akaanza kukucheka, mwache acheke.

Ulikatazwa kusoma ukashindwa kuacha.